Mama Wembe na Kipande cha Shemeji

Pale maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mwaka wake wa tatu kazini mtu wa stoo alimkuta akimfokea fundi wa mashine kwa kumletea wembe butu, na tangu siku hiyo akawa Mama Wembe. Hata siku ilipokuja barua ya kumpandisha cheo, mhudumu alisimama katikati ya korido akapaza sauti, "Mama Wembe, una bahasha yako hapa!" Naye akaitika bila kinyongo, maana jina lenyewe alikuwa amelitolea jasho.

Kazi yake ilikuwa kukata. Alikata vile vipande ambavyo madaktari wa upasuaji walikuwa wameshavitoa mwilini: cha titi, cha utumbo, cha shingo ya kizazi, cha kibofu. Vilimfikia ndani ya vichupa vya dawa, vikapitishwa kwenye spiriti, vikazamishwa kwenye nta ya moto, na vilipopoa vikawa vidonge vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko kibiriti. Alikibana kidonge kwenye mashine, akazungusha mpini taratibu, na wembe ukatoa utepe mwembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Ukipumua ovyo, utepe unapeperuka. Kwa hiyo alikuwa amejifunza kuzuia pumzi, akauchukua utepe kwa brashi, akauelekeza juu ya maji ya uvuguvugu ujikunjue wenyewe, kisha akauopoa kwa kipande chembamba cha kioo. Mumewe alikuwa akisema kwamba hata usingizini, kabla ya kugeuka ubavu, mke wake huzuia pumzi kwanza.

Hakuwa ameota kufanya kazi hiyo. Aliingia chuoni akitaka uuguzi, na wiki ya pili ya wodini alizimia mara mbili, ya pili akiwa ameshika beseni. Mwalimu wake alimpepea kwa daftari akamwambia, "Binti, mikono yako ni dhahabu, ila moyo wako unayeyuka upesi. Nenda maabara, huko hakuna anayelia." Alienda kwa shingo upande, akakaa miaka thelathini na moja.

Miaka ya mwanzo rangi za kupaka vipande zilikuwa mbili tu, waridi na zambarau, na vipande vyote vilifanana kama ndugu wa baba mmoja. Kazi ilimnogea zilipokuja rangi za protini. Hapo ndipo alipojua kwamba chembe ya mwili ina kazi nyingi ndani yake, na kila kazi ina protini yake. Kuna inayosukuma chembe igawanyike. Kuna mlinzi anayeizuia isigawanyike ikiwa imeharibika. Kuna inayoshikanisha chembe na jirani yake, na hiyo ikipotea chembe zinaachana mikono na kuanza kuzurura. Saratani haianzi siku moja ikafika mbali siku ya pili. Inasonga hatua kwa hatua, na katika kila hatua kuna protini fulani iliyozidi, iliyopungua au iliyoharibika. Mama Wembe alidondoshea kioo tone la kingamwili, ambayo hutafuta protini moja tu na kuiacha nyingine zote, akaosha, akadondoshea rangi. Palipokuwa na protini hiyo palibaki hudhurungi. Pasipokuwa nayo palibaki peupe.

"Ni kama kuita jina la mtu mmoja kwenye umati," alimweleza mumewe siku moja. "Anayeitwa ndiye anayegeuka."

Mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye watu wote wa mtaani pamoja na mkewe walimwita Mwalimu, aliitikia "Ehee" bila kuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na hakika kwamba kazi ya mkewe ni kuosha vioo.

Uani kwao, kwenye chumba chenye mlango wake wa pekee, alikaa kaka mkubwa wa Mwalimu, fundi viatu, aliyefiwa na mke miaka sita nyuma. Mtaa mzima ulimwita Kisigino. Alikuwa na kibanda mbele ya nyumba, na kwa miaka arobaini alikata ngozi, akaipaka rangi nyeusi, kahawia na nyekundu kwa kitambaa na vidole vitupu, sigara ikiwa imening'inia kwenye kona ya mdomo. Kucha zake hazikuwa na rangi ya binadamu. Yeye na Mama Wembe walitaniana tangu siku ya harusi.

"Shemeji, leo umekata nini?"

"Ulimi wa mtu mmoja aliyekuwa anaongea sana."

"Basi mdogo wangu yuko salama. Huyo haongei, anasahihisha."

Mama Wembe ndiye aliyegundua. Asubuhi moja alipita karibu na choo cha uani, akaona kwamba Kisigino alikuwa amemwaga ndoo nzima ya maji, na bado sakafuni kulibaki wekundu mwepesi, kama maji yaliyosuuza brashi ya rangi. Alimfuata kibandani.

"Shemeji, umekojoa damu."

Kisigino alikohoa, akapekua misumari. "Ni bitiruti. Nimekula bitiruti."

"Lini?"

"Juzi."

"Nani kakupikia? Kwangu hapajapikwa bitiruti tangu mwaka jana."

"Basi ni rangi ya viatu."

"Unakunywa rangi ya viatu siku hizi?"

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Alikiri kwamba jambo hilo lilikuwa na miezi minne. Linakuja siku mbili, linapotea wiki tatu, na kwa kuwa halimuumi alikuwa ameamua kwamba limepona. Mama Wembe alikuwa amekata vibofu vingi vya kutosha kujua kwamba damu isiyo na maumivu ndiyo ya kuogopa zaidi. Hakumwambia hivyo. Alimwambia avae shati safi.

Hospitali ilimpiga picha, kisha daktari wa njia ya mkojo akaingiza kamera ndogo na kuona kitu kama ua la koliflawa limeota kwenye ukuta wa kibofu. Wiki iliyofuata alikikwangua chote na kutuma vipande maabara. Kisigino alirudi nyumbani na mpira wa mkojo siku mbili, akilalamika kwamba amefungwa bomba kama tangi.

Na vipande, kama vipande vyote vya hospitali ile, vilishuka kwenye chumba cha Mama Wembe.

Aliona jina kwenye fomu saa nne asubuhi. Alikaa. Kisha akaenda kwa daktari wa patholojia, mwanamke kijana aliyekuwa na miezi saba tu pale, mwenye tabia ya kunywa chai iliyopoa kwa sababu alisahau kuinywa ilipokuwa ya moto.

"Daktari, kipande hiki ni cha kaka wa mume wangu. Ninakaa naye ua mmoja. Ukitaka akate mwingine, sema."

Daktari alifikiri. "Mwingine akikata, utalala?"

"Sitalala."

"Basi kata wewe. Lakini sheria unaijua. Majibu yanatoka kwa daktari wake, si jikoni kwako."

"Naijua, Daktari. Mimi ndiye niliyeibandika ukutani."

Akakata. Alipomaliza ndipo akagundua kwamba shingo imekakamaa kama ubao.

Siku ya tatu daktari alimwita aje atazame hadubini ya watu wawili. Mama Wembe hakuwa na ruhusa ya kusoma majibu, lakini miaka thelathini na moja ya kutazama humpa mtu jicho. Ilikuwa saratani, na haikuwa ya kimya. Chembe zilikuwa kubwa, zimepangika ovyo. Rangi ya protini ya mgawanyiko iliwaka karibu kila mahali. Protini ile ya mlinzi ilikuwa imerundikana ndani ya viini vya chembe, hudhurungi iliyokolea hadi kuwa nyeusi, dalili kwamba mlinzi mwenyewe ameharibika na hafanyi kazi. Na ile inayoshikanisha, iliyopaswa kuzungushia kila chembe mstari safi kama uzio, ilikatikakatika.

Daktari alisogeza kioo polepole. "Hapa ndipo paninyimapo raha. Ona. Chembe zimeingia katikati ya hizi nyuzi za misuli."

Mama Wembe aliona. Alijua pia maana yake. Ukuta wa kibofu una misuli minene chini kabisa. Saratani ikiwa juu ya misuli hiyo, inakwanguliwa na kutibiwa, na mtu anabaki na kibofu chake. Ikishaingia ndani ya misuli hiyo, mara nyingi kibofu chote hutolewa, mtu akaishi na mfuko ubavuni. Daktari alikuwa ameshaandika kwa penseli pembeni mwa fomu: *imefika kwenye misuli*.

"Nitaandika rasmi kesho," alisema kwa upole. "Pole, mama."

Jioni ile Mama Wembe alirudi nyumbani akiwa amebeba jambo zito, na hakuna aliyeruhusiwa kumtua. Kisigino alikuwa amekaa kwenye benchi uani akishona soli kwa uvivu.

"Shemeji, umeniona huko?" aliuliza. "Nimekaaje? Nimependeza?"

"Sijui unasema nini."

"Unajua. Uso wako umefungwa kama duka siku ya sikukuu."

"Daktari wako atakuita, shemeji. Mimi nakata tu, sisomi."

Aliingia ndani upesi. Mwalimu alimfuata jikoni, akafunga mlango, kitu ambacho hakuwa akifanya.

"Ni kaka yangu," alisema. "Niambie."

"Siwezi."

"Mimi ni mume wako."

"Ndiyo maana siwezi. Nikikuambia wewe, uso wako utamwambia yeye kabla hujafika mlangoni. Na bado haijaandikwa, Mwalimu. Jambo ambalo halijaandikwa si jibu."

"Kwa hiyo ni baya."

Mama Wembe akampakulia chakula. Mwalimu alichukua sahani yake akaenda kula sebuleni peke yake. Katika ndoa ya miaka ishirini na nane walikuwa wamegombania mambo mengi, lakini hakuwahi kumpa mgongo kwenye chakula. Hilo lilimkata maini kuliko maneno yoyote.

Mama Wembe alipokuwa akiosha vyombo, mikono ikiwa kwenye povu, ndipo jambo lilipomjia. Nyuzi zile. Alizikumbuka vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyezikata. Zilikuwa chache, nyembamba, zimetawanyika kama nywele zilizobaki kwenye kitana. Misuli minene ya kibofu haikai hivyo, hukaa mafungu mafungu. Lakini juu yake, karibu na uso wa ndani, baadhi ya watu huwa na nyuzi nyingine nyepesi zisizo na kazi kubwa, na kwenye vipande vilivyochomwachomwa na kisu cha umeme, hizi na zile huweza kumchanganya hata mtu mzoefu. Na kulikuwa na protini moja, ya misuli iliyokomaa, ambayo ile minene inayo tele na hizi nyembamba karibu hazina. Kichupa cha kingamwili yake kilikuwa kwenye friji, rafu ya chini, nyuma. Kilinunuliwa kwa ajili ya utafiti wa mtu aliyekwisha hama.

Asubuhi alifika kabla ya wafagiaji.

"Daktari, kabla hujaandika," alisema, hata hajavua sweta. Akaeleza.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi. Kisha akauliza swali ambalo Mama Wembe alilikumbuka kwa muda mrefu. "Mama, ndivyo ilivyo, au ndivyo unavyotaka iwe?"

Lilimchoma. Lakini lilikuwa swali la haki, naye alilitafuna kabla ya kulijibu.

"Sijui, Daktari. Nataka, sitakuficha. Ndiyo maana naomba rangi iseme, si mimi. Na nikishapaka, mpelekee yule daktari mkuu wa patholojia aliyestaafu, bila kumwambia tunatumaini nini. Akisema misuli minene, nitanyamaza."

Daktari alifuta maandishi ya penseli kwa kidole. "Paka."

Mara ya kwanza ilimwaibisha. Vipande vikishakaa kwenye dawa na nta, protini zake hujifunga, na ni lazima zichemshwe kwenye maji maalumu ndani ya sufuria ya presha, aina ile ile inayochemshia maharage, ndipo zifunguke na kuitikia. Alichemsha, akapaka, akatazama, na hakuna kilichogeuka hudhurungi. Hata kile kipande cha mfano alichoweka pembeni, cha misuli inayojulikana, kilibaki cheupe kama karatasi. Mtu mwenye haraka angesema: umeona, nyuzi za shemeji hazina protini, mambo safi. Mama Wembe alitamani kusema hivyo kwa muda wa kama pumzi tatu. Lakini mfano ukikataa, hakuna kioo chochote katika kundi lile kinachosema kweli. Alitupa vyote.

Alipima maji ya kuchemshia, akayakuta yana asidi kuliko inavyotakiwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyatengeneza jana yake, akili ikiwa uani kwake. Alijisonya kwa sauti, akayamwaga, akatengeneza mengine, akapima mara mbili.

Wakati yanachemka alirudi kwenye mashine na kile kidonge cha nta. Kitu kimoja kilikuwa kikimsumbua: vipande vilivyokwanguliwa huingia kwenye nta vikiwa vimelala kila upande, na kilichotoka chini kabisa ya ukuta wa kibofu huenda kimezikwa ndani ya kidonge. Alizidi kushuka, utepe kwa utepe, akitupa tisa na kuchukua wa kumi. Alikuwa amekaribia kumaliza kidonge. Akishuka tepe hamsini zaidi hapatabaki kitu cha kumwonyesha mtu yeyote. Kwenye utepe wa arobaini, juu ya maji ya uvuguvugu, kona moja ya kipande ilionekana tofauti, nzito zaidi, kama imekunjwa. Haikuwa imekunjwa. Aliiopoa kwa kioo kama anayeopoa mtoto.

Mchana ule, katika kundi la pili, mfano uliitikia. Misuli yake ikawa hudhurungi, nzito kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Mama Wembe hakuvitazama vioo vya shemeji yake kwanza. Alivipanga kwenye trei, akavifunika, akavipeleka kwa daktari.

Daktari alitazama. Alibadilisha kioo. Akarudi kwenye cha kwanza. Mama Wembe alihesabu vigae vya sakafu, akafika thelathini na sita.

"Njoo," daktari alisema.

Nyuzi zile nyembamba, zilizovamiwa na saratani, zilikuwa zimepauka, karibu hazina rangi. Na kwenye kioo cha mwisho, kile cha utepe wa arobaini, kulikuwa na fungu zima la misuli minene, hudhurungi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ndani yake hapakuwa na chembe mbaya hata moja.

"Hiki umekipata wapi?"

"Chini, Daktari. Kilikuwa chini."

Daktari mkuu mstaafu alijibu baada ya siku nne. Alikuwa ameandika mistari miwili tu kwa mkono wake wa kutetemeka, na mistari hiyo ilisema kwamba saratani ni kali, imeingia chini ya utando wa ndani wa kibofu, haijaingia kwenye misuli minene iliyoonekana, na kibofu kikwanguliwe tena mahali pale pale kuthibitisha. Daktari kijana akaandika majibu rasmi. Mama Wembe alienda chooni, akafungua bomba hadi mwisho, akalia kwa raha zake zote, akaosha uso, akarudi kukata utumbo wa mtu mwingine.

Siku zote hizo, nyumbani hakutoa hata neno. Alijikaza kisabuni. Kwa siku tisa Mwalimu aliongea naye kuhusu umeme, maji na ada ya mkutano wa wazazi, basi. Siku ya kumi Kisigino aliitwa hospitali, na Mwalimu akaenda naye. Walirudi saa nane mchana, wametembea kituo kizima kwa miguu kwa sababu, alivyosema Kisigino, alitaka kukitembeza kibofu chake.

"Shemeji!" aliita kutoka getini. "Nakaa nacho! Wanakwangua tena, halafu wananiwekea dawa huko ndani, unajua dawa gani? Chanjo ya kifua kikuu! Wanaimwaga kwenye kibofu kama mtu anayemwagilia bustani!"

"Najua," alisema Mama Wembe, na akajikuta anacheka. "Inaamsha kinga za mwili, zije zigombane na kilichobaki."

"Kumbe ulijua."

"Nilijua, na sikujua. Kaa chini, usisimame juani."

Mwalimu alibaki mlangoni. Daktari wa njia ya mkojo, ambaye hakuwa na habari ya undugu wowote, alikuwa amewaambia wawili hao kwamba jibu la kwanza lilikuwa karibu liandikwe vingine, na kwamba kuna mama mmoja huko maabara aliyekataa kukubali kabla ya kukata mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kijani cha hospitali akisikiliza habari za mke wake kutoka kwa mtu baki.

Jioni alikuja jikoni. Alichukua taulo la vyombo, akaanza kukausha sahani iliyokwisha kauka.

"Ungeniambia siku ile ya kwanza," alisema, "ningemwambia kaka kwamba wanamtoa kibofu. Ningemwambia tu, bila shaka. Nisingeweza kukaa nalo."

"Najua."

"Na ingekuwa uongo."

"Ingekuwa uongo."

Alikausha sahani nyingine. "Nisamehe kwa kula sebuleni."

"Uliacha makombo kila mahali," alisema Mama Wembe. "Hilo ndilo gumu kusamehe."

Kukwangua kwa mara ya pili hakukuleta kitu kibaya ndani ya misuli. Zikafuata wiki sita za dawa, kila wiki mara moja, na Kisigino alizipita akiungua, akikimbilia choo kila robo saa na kulalamika kama mtu anayelipwa kwa kulalamika. Kisha kamera kila baada ya miezi mitatu. Kwenye kamera ya pili walipata kidoa, wakakichoma, na kwa wiki mbili nyumba nzima iliongea kwa sauti ya chini. Vipande vyake vilipokuja, Mama Wembe alimpa mwenzake akate, maana alikuwa amejifunza kwamba mtu anaweza kutengeneza maji ya asidi bila kujua. Lilikuwa kovu la dawa tu. Mwaka ulipita, na nusu ya mwingine, na kibofu kikawa kimetulia. Hakuna aliyesema kimepona. Daktari alikataza neno hilo kwa miaka mitano, na Kisigino, ambaye hakuwahi kutii amri ya mtu, alilitii katazo hilo kwa woga kamili.

Daktari alimwambia kwamba moshi wa sigara na rangi za ngozi huenda ndivyo vilivyochokoza kibofu, lakini sigara aliziacha vibaya. Aliacha, akarudi, akaacha, akawa mkali hata wateja wakamkimbia, akaacha tena. Kwenye rangi alivaa glavu za manjano za kuoshea vyombo alizoiba jikoni kwa shemeji yake, na kibandani alitoboa dirisha la pili. Watu walimcheka wakidhani amekuwa daktari.

Mwaka ule hospitali ilifanya siku ya wazi kwa familia za wafanyakazi. Mama Wembe hakumwambia mumewe. Mwalimu aliona tangazo mwenyewe, akavaa lile koti lake la mikutano, akatokea kwenye chumba cha kukatia akiwa ameshika mkoba kana kwamba amekuja kukagua. Mkewe alimketisha kwenye hadubini, akamwekea kioo cha kufundishia, cha misuli isiyo ya mtu yeyote wanayemjua, akamwonyesha skrubu ya kuzungusha.

Mwalimu alizungusha upande usiofaa, akakaribia kuvunja kioo, akaelekezwa, akazungusha tena. Kisha akatulia. Alitulia muda mrefu hata mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akajikohoza.

"Hii hudhurungi ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Hiyo ndiyo protini. Umeita jina, imegeuka."

"Na hapa peupe?"

"Hapo umeita, hakuna mtu."

Alisogeza kioo polepole, kwa kidole kimoja, ulimi ukiwa umetokeza kidogo kama anavyofanya akisahihisha mtihani mgumu. Mtu wa foleni alikohoa tena. Mama Wembe alimgeukia, akamwambia kwa adabu kwamba kuna hadubini nyingine chumba cha pili, kushoto, na kwamba hii ina mtu.